Shubiri Mbili Kushoto

Kwanza niseme: sahihi ni yangu.
Nambari kumi na saba, karatasi ya manjano
iliyopitishwa nyumba kwa nyumba Kibokoni
wiki ile Twalib, mtoto wa ndugu yangu, alipodungwa kisu
kwa ajili ya simu yenye kioo kilichopasuka.
Niliandika jina lote, Mwanatumu binti Shekue,
nikaikaza kalamu hata ikatoboa.
Tuliomba jicho. Tukaletewa jicho.

Likafungwa mlingotini, kona ya muuza mahamri,
jeupe, la duara, kama yai lililokataa kuanguliwa.
Watoto walilipungia mkono siku tatu,
ya nne wakalisahau.
Mimi sikulisahau.
Roshani yangu ilichongwa na fundi aliyejua kazi:
vijitundu vya kumwona apitaye
na apitaye asinione.
Mlango nao una hodi,
hodi tatu, usipoitikiwa rudi ulikotoka.
Jicho hili halina mkono wa kubisha.
Linatazama kutoka juu, ambako fundi hakuweka mbao,
kwa kuwa juu, zama zake, alikuwako Mungu peke yake.

Sikatai, lilifanya kazi.
Mwezi wa pili walirudi, watatu, mapanga ndani ya majaketi,
na kabla hawajafika msikitini wameshazungukwa.
Twalib, mwenye nyuzi kumi na nne ubavuni,
alilala usiku ule bila kuwasha taa.
Nani atanambia usingizi wa mtoto si haki?
Nilipika biriani, nikapeleka sinia kituoni.

Kisha Jumanne moja, dukani, sukari ingali kwenye mizani,
Ghalib wa kituoni, kijana mwenye adabu,
akaniamkia, akacheka kidogo:
"Bi Mwanatumu, siku hizi nywele huaniki?"

Hakuwa na ubaya. Naapa hakuwa na ubaya.
Alisema kama mtu asemavyo mvua imeadimika.
Lakini leso yangu, palepale, ikawa ya kioo.
Siri ya mtungi aijuaye kata;
na huyu ni kata ya mtungi gani?
Basi atakuwa anamjua pia binti wa Bi Kauthar,
aendaye kliniki ya nyuma amejifunika kuliko kawaida.
Hapo hapana mwizi. Pana mtu na mambo yake.

Majirani wakasema: asiye na kosa anaogopa nini?
Nikawajibu: asiye na kosa ana bafu,
na bafu lina mlango.

Nikaandika barua. Ofisi ile barua za kawaida huzilalia,
nikaitia vina, kama mama alivyokuwa akidai deni:

    Sisemi mkaling'owe, jicho hilo ni la wema,
    wezi wetu litambuwe, tupate lala salama,
    lakini liondolewe, kwangu ndani kutazama,
    shubiri mbili lipewe, kushoto, lipate koma.

    Tena nataka nijuwe, funguo nani kaweka,
    na picha zihesabiwe, siku saba zikifika,
    zote zisahauliwe, kesi zisipozishika,
    na atazamaye awe, jina lake kaandika.

Wiki tano. Kisha fundi na ngazi yake.
"Hodi," akasema mlangoni.
Nilimngojesha hadi ya tatu,
si kwa kiburi; kwa kuisikia tu.

Akaligeuza shubiri moja, akasita.
"Ya pili, mama, inaipoteza kona ya mahamri."
Kona ile. Bado jiwe lake lina doa
ambalo muuzaji hulimwagia maji kila alfajiri,
na ndiyo njia ya Twalib akitoka madrasa.
Nikasimama na mkono hewani, kama mizani ya dukani.
Nikasema: acha hapo hapo.

Shubiri iliyobaki nimeiziba mwenyewe,
leso mbili, misumari minne.
Upepo ukizidi hufunuka kidogo.
Ubeti wa pili bado hawajaujibu.